Komite ya harusi inatoa hesabu. Na komine je?



Tuko ndani ya vakansi kubwa, msimu wa harusi. Kila siku ya posho magari yenye maua yanapita mjini huku yanapiga honi, motari wako mbele, na mpiga video ametoa nusu ya mwili kwa dirisha. Ndani ya simu ya kila mmoja wetu kuna vikundi vya WhatsApp viwili ao vitatu vyenye jina «Harusi ya…». Kila siku ya Mungu, kisha misa, tunaitwa kwenye mkutano wa komite.

Leo tunataka kuongea juu ya ile harusi. Tunajua kuna wenye watasema: «Inchi iko na vita, barabara zimekatika, nyinyi munaongea harusi?» Ndiyo, tunaongea. Juu harakati yetu inasema kila siku neno heshima, na hapa kwenye harusi vijana wengi wanapoteza heshima yao bila mtu kusema kitu: kwa madeni, kwa karatasi wasizo nazo, na kwa feza wanazolipa ofisini bila risiti.

Tuanze na ile tunayojua vizuri. Mtu akitaka kuoa, hata kama hana kitu, marafiki na ndugu wanakaa na kuunda komite. Wanachagua rais, katibu, na mweka feza. Wanaandika bajeti: sale, chakula, vinywaji, vikwembe, mapambo, gato, gari, muziki, video. Wanaandika majina ya wenye kuahidi na wenye kulipa. Kila juma katibu anatuma liste kwenye kikundi: fulani 20 dola, fulani mbuzi moja, fulani kreti mbili, fulani bado. Feza ikipita kwa simu, tunaomba picha ya mesaji. Harusi ikiisha, komite inakutana tena, inasoma ripoti: iliingia hii, ilitoka hii, ilibakia hii. Mweka feza akishindwa kueleza 10 dola, jina lake linaharibika kwa avenue yote. Hakuna mtu atamupa tena feza ya kushika, hata ya matanga.

Hakuna mtu alitufundisha hayo kwa masomo. Tulikuta wakubwa wetu wanafanya, na sisi tunafanya. Kwa hiyo tusiseme kwamba sisi Wakongomani hatujui kupanga mambo ao hatujui kufuata hesabu. Tunajua sana.

Sasa tuseme ile inauma. Mwaka jana wenzetu wawili wa harakati walitaka kuoana. Kijana anaendesha moto isiyo yake, kila jioni anapelekea mwenye moto feza yake. Dada anashona. Familia ya dada ilitoa liste ya mahari, ile sisi wote tunaita «fakture»: ng'ombe, mbuzi, kostimu ya baba, kikwembe na blanketi ya mama, kitu ya wajomba, kitu ya mashangazi, kreti za bia na za sukari. Mzee mmoja alisema: «Mutoto yetu alisoma, haiko ya bure.» Upande wa kijana, komite yetu nayo ilifanya ya kwake. Tuliandika bajeti ya sherehe: 3.800 dola. Tuliiandika sisi wenyewe, vijana wenye wanapinga matumizi mabaya ya feza za inchi! Magari sita, sale yenye viyoyozi, gato ya gorofa tano. Hakuna mtu alitulazimisha. Kila mmoja aliogopa tu neno moja: watu watasema nini?

Ahadi zilifika 2.100 dola. Zenye ziliingia kweli kweli zilikuwa 940. Siku zikakaribia, na kijana akaenda kukopa kwa wale tunaita «Banque Lambert», wenye kukopesha bila ofisi na bila huruma. Akaacha kitambulisho na simu. Tulipojua, alikuwa anadaiwa faida ya mwezi wa pili.

Hatusemi hayo ili kutukana mila. Mahari ni alama ya shukrani na ya kuunganisha familia mbili. Washi wanajua maana ya ng'ombe, Wanande wanajua maana ya mbuzi. Lakini wakubwa wetu wanatuambia pia kwamba zamani mahari ilikuwa inaisha polepole, na deni dogo lililobakia lilikuwa njia ya familia kuendelea kutembeleana. Na sheria inasema karibu hivyo hivyo. Sheria ya Familia ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 mwezi wa saba 2016, inaomba mahari, hilo ni kweli. Lakini inasema ndoa inaweza kufungwa kama mahari imetolewa walau sehemu. Haisemi kila kitu kilipwe siku moja, na haisemi kijana aanze ndoa yake akijificha kwa wenye kumudai.

Sababu fakture ni nzito, wengi wanafanya «yaka tofanda»: njoo tukae. Wanapanga nyumba, wanazaa, miaka inapita. Wengine wanafanya sherehe kubwa, lakini feza inaishia kwa sale na kwa gari, na komine wanasema «tutaenda kisha». Ile kisha haifiki.

Tunajua mama mmoja wa avenue yetu. Harusi yake watu wanaikumbuka mpaka leo: magari, muziki, vikwembe vya rangi moja kwa familia mbili. Komine hawakupita. Kisha miaka tisa mume akafa. Hata juma mbili hazijaisha, ndugu wa mume walifika na kufuli mpya. Mama alipouliza, walimuambia: «Leta karatasi.» Hakuwa na karatasi. Alikuwa na video. Leo anakaa kwa dada yake na watoto watatu, na ile nyumba aliyosaidia kujenga kwa kuuza samaki inapangishwa na wengine.

Kama angekuwa na cheti cha ndoa, sheria ingemupa nguvu. Mjane mwenye ndoa inayojulikana na sheria ana haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyokaa na mume wake. Na hata wenye kufunga ndoa kwa familia tu, kwa mila, hawakatazwi: sheria inaomba tu waende kuiandikisha kwa ofisi ya etasivili ndani ya mwezi mmoja. Haiombi sale. Haiombi gato.

Kuna jambo lingine wengi wanasikia kwa mara ya kwanza wakiwa wamesimama mbele ya mkubwa wa komine, jasho linatoka, kamera iko mbele ya uso: namna ya kugawana mali. Ziko njia tatu. Ya kwanza, kila kitu ni cha wote wawili, hata kile mtu alikuwa nacho mbele ya ndoa. Ya pili, kile mlichopata kisha kuoana ni cha wote, lakini cha mbele kinabakia cha mwenyewe. Ya tatu, kila mtu na chake. Msipochagua, sheria inawapa ile ya pili. Komite ya harusi inakaa saa tatu ikibishana juu ya rangi ya maputo. Tunaomba mpe hili jambo walau saa moja, nyinyi wawili, mbele ya ile siku. Na wanaume wenzetu wajue: tangu mwaka 2016 mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume wake ili afanye mkataba ao aende mbele ya tribinali. Mtu anayeoa akifikiri ananunua mtumishi amechelewa.

Turudi kwa wenzetu wawili. Walipofika kwa ofisi moja ya etasivili, waliambiwa bei. Tulipouliza bei hiyo inatoka wapi, mtu wa ofisi alihesabu kwa vidole: «Hii ya karatasi, hii ya mukubwa, hii ya wenye wanapiga mashini, na hii ni juu munataka ifanyike siku ya posho.» Risiti? Alicheka. Ukutani hakukuwa na bei yoyote, kulikuwa picha ya rais na kalenda ya mwaka ulioisha.

Hapo ndipo tulijiona. Mwenzetu mmoja alisema: «Kwa komite ya harusi, mweka feza angetujibu vile, tungemufukuza palepale.» Ilikuwa kweli. Kwa 10 dola ya kreti tunapiga kelele mpaka usiku. Kwa feza tunazoacha kwa komine tunanyamaza, tunasema «njo vile iko». Tunazaliwa, tunalipa. Tunaoa, tunalipa. Tunakufa, familia inalipa. Na hatujaona siku moja ripoti ikisomwa: iliingia hii, ilitoka hii, ilibakia hii.

Tulirudi kesho yake watu watano, na kipengele cha 174 cha Katiba kimeandikwa kwa karatasi: hakuna kodi inayowekwa ila kwa sheria. Hatukutukana mtu. Tuliomba vitu viwili: andiko linaloonyesha bei, na risiti yenye muhuri. Walituambia tungoje. Tukangoja. Siku ya kwanza, siku ya pili. Siku ya tatu bei ilishuka, haikufika hata nusu ya ile ya kwanza, na risiti ilitoka. Ndoa ilifungwa siku ya kazi, asubuhi, na mashahidi. Kisha tulikula wali, maharagi na sombe kwa nyumba ya shangazi, watu arobaini. Magari sita yalikuwa yamefutwa. Deni la Lambert tulilipa kwa ile feza ya sale. Familia ya dada ilinuna, tusidanganye. Wengine hawakukuja. Lakini mwaka umepita, na ule mzee wa «haiko ya bure» anawatembelea kila mwezi.

Kwa hiyo sisi tumekubaliana mambo haya, na tunaomba kila kijana mwenye kuwa ndani ya komite ya harusi ayapeleke kwenye mkutano unaokuja:

1. Kwa bajeti, mstari wa kwanza uwe komine. Sale na gari vifuate.

2. Bajeti iandikwe kufuata feza iliyoingia, si ile iliyoahidiwa. Hakuna kukopa kwa Lambert kwa ajili ya chakula cha siku moja.

3. Familia zikae pamoja juu ya mahari na kukubali kwamba inaweza kutolewa polepole. Wazazi wetu, tunawaheshimu. Msiuze furaha ya watoto wenu ili kuwashinda majirani.

4. Hakuna harusi ya mtoto. Sheria imesema miaka 18, kwa msichana na kwa kijana. Kama bibi arusi bado ana miaka 15, hakuna komite, hakuna mchango, na kunyamaza ni kushiriki.

5. Hakuna feza inayotoka bila risiti. Kila komite ilete kopi ya risiti zake, tuziweke pamoja, ili tujue kila ofisi inaomba kiasi gani kwa kazi ileile.

Na kwa wakubwa wa komine tunasema: Katiba, kwa kipengele cha 40, inampa kila mtu haki ya kuoa ao kuolewa na yule aliyemuchagua. Haki hiyo isiwe biashara ya mlangoni. Bandikeni bei ya kila karatasi ukutani, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na andiko lenye bei hiyo inatoka. Toeni risiti. Na kila mwaka msomee wananchi hesabu, vile katibu wa harusi anasoma mbele ya wajomba.

Wenzetu, tuna maelfu ya komite ndani ya miji yetu. Zinaundwa bila serikali, zinafanya kazi bila mshahara, na kisha sherehe zinakufa. Tunaomba zisife mara moja. Kisha harusi, kabla ya kufuta kile kikundi cha WhatsApp, andikeni neno moja tu: «Sasa tuangalie maji ya avenue.» Majina yako pale, namba ziko pale, mweka feza amejulikana kama ni mwaminifu. Mbona tuanze upya?

Juma linalokuja tutakuwa mbele ya ofisi ya etasivili, kwa amani, na karatasi moja ya kuomba bei ibandikwe. Muje. Hata wenye watakuwa wamevaa kikwembe cha harusi, muje nacho.

Sisi vijana, wananchi wa hii inchi.