Dawa ya shambani si ya jikoni

Ukiona nzi wadogo wenye macho mekundu wakizunguka ndizi zako jikoni, usikimbilie sumu. Nasema hivi kwa sababu majuzi nililetewa mtoto wa miaka mitatu kutoka mtaa wa Langas, hapa Eldoret. Alitokwa na mate na jasho jingi, alikuwa akiendesha, na mboni za macho zilikuwa zimenywea kama ncha ya sindano. Mamaye alikuwa amepuliza jikoni dawa ya wadudu wa kabeji, aliyoletewa kutoka shambani katika chupa ya soda. Mtoto akachukua ndizi akala. Tulimdunga atropini, tukamkimbiza hospitali kubwa, akapona.

"Daktari, nilikuwa naua nzi tu," mama aliniambia.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu wa mji huu. Tumezungukwa na mashamba, na wengi wetu tuna jamaa wa kutuletea dawa kali isiyo na karatasi ya maelezo. Nzi hawa hawaumi, wala katika miaka yangu ya utabibu sijapata kumtibu mtu aliyeuguzwa nao. Waliokula sumu nimewatibu.

Isitoshe, sumu haimalizi kazi. Nzi wa matunda hufuata harufu ya kitu kinachochacha. Jike hutaga mamia ya mayai maishani mwake, na penye joto la nyuzi 25 yai huwa nzi kamili kwa siku 10 hivi. Ukiwaua wanaoruka leo, watoto wao wamo ndani ya embe. Baridi yetu huwachelewesha, lakini jikoni kuna moto.

Basi tafuta kinachooza. Inua kapu la vitunguu, mwaga ndoo ya taka kila jioni, anika tambara la kupangusia meza, na tundu la sinki ulisugue kisha ulimwagie maji moto. Mimi mwenyewe niliwahi kuwasaka juma zima, kumbe ni nyanya moja iliyobiringika nyuma ya meko! Matunda yaliyoiva yafunike au uyale.

Waliobaki watege. Tia siki kidogo katika gilasi, ongeza tone la sabuni ya kuoshea vyombo, kisha kunja karatasi mfano wa faneli uiweke mdomoni mwa gilasi. Wataingia wakifuata harufu, na sabuni itawafanya wazame.

Na ikiwa mtu amekwisha kula sumu, usimtapishe, wala usipoteze wakati ukimtafutia maziwa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, umkimbize hospitalini pamoja na chupa ya dawa ili tujue tunapambana na nini. Yule mama aliibeba yake. Tuliigeuza huku na huku, lakini maandishi yaliyokuwapo yalikuwa ya soda.