Batri itoke chini ya kitanda, kifungu cha 48 kitoke kwenye karatasi

Ndugu na dada wa Bukavu, na ninyi wa miji mingine mnaoishi hali hii hii,

Kadutu, Bagira, Panzi: nyumba nyingi ziko na batri ya gari chini ya kitanda, na wenye nyumba hawana gari. Pembeni yake kuna konvertiseri, ile boksi inayogeuza volti 12 kuwa volti 220. Umeme ukikatika, ampuli inawaka, mtoto anasoma. Wazee wanaita hiyo kifungu cha 15: ujipange mwenyewe. Hatumcheki mtu. Sisi pia tuko tunafanya hivyo.

Lakini tupige hesabu. Batri ya volti 12 na ampea-saa 70 inabeba kama wati-saa 840. Batri ya gari ilitengenezwa kuwasha mota kwa sekunde chache. Ukiishusha chini ya nusu kila usiku, inakufa haraka. Zinabaki 420, konvertiseri nayo inakula sehemu yake: tuseme 350. Televizyo ya wati 60 na ampuli tatu za wati 7, ni saa nne na kidogo, basi. Pasi ya wati 1,000 itavuta karibu ampea 100 kwenye batri. Waya mwembamba utaungua. Na tunajua sote namna moto unavyokimbia kwenye nyumba za mbao za Kadutu.

Kwa hiyo, kwanza tulinde maisha. Batri itoke chini ya kitanda: inapochajiwa inatoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche moja. Iwekwe mahali penye hewa, mbali na jiko la makala na watoto. Waya kati ya batri na konvertiseri uwe mnene na mfupi, na fizible iwe karibu na batri. Usichomeke konvertiseri kwenye prizi ya ukuta ili iwashe nyumba nzima: umeme wa mji ukirudi, utaiunguza. Batri iliyokufa usiipasue kwenye parseli. Ndani kuna asidi na risasi, na risasi ni sumu kwa watoto.

Tukiishia hapo, tumefanya kazi ya fundi tu. Kazi ya raia bado.

Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapa hapa kwetu. Bwawa la Ruzizi ya kwanza lilianza kazi mwaka 1958, la pili mwaka 1989, na hilo la pili tunaligawana na Rwanda na Burundi. Huko magharibi, Inga ya pili iko tangu 1982, yenye uwezo wa megawati 1,424. Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji safi na umeme. Kifungu cha 15 hakijaandikwa mahali popote, lakini ndicho kinachotutawala.

Kila batri tunayonunua ni kodi ya pili, tunayolipa juu ya kazi ambayo haikufanywa. Na anayekosa hata hiyo batri? Kinyozi anafunga mapema. Mama muuza samaki anatupa mali yake. Kama ampuli yetu ikiwaka inatufunga mdomo, jirani anabaki gizani peke yake, na viongozi wanalala vizuri.

Tunadai mambo matatu. Ratiba ya kukata umeme itangazwe, avenyu kwa avenyu, na ifuatwe. Fakture isihesabu siku ambazo umeme haukufika. Na pale wakaaji wanapochanga franka zao kununua kebo au kutengeneza transfo, wapewe risiti, na pesa hiyo ipunguzwe kwenye fakture zao.

Wakati huo huo, tuanze na kitu kidogo. Kila avenyu ichague mtu mmoja mwenye daftari. Kwa siku 30 aandike saa umeme ulipokatika na saa uliporudi. Hakuna makelele, hakuna jiwe. Mwisho wa mwezi tutakusanya daftari zote na kuzipeleka pamoja, kwa amani, mezani kwa wanaohusika. Watatuambia umeme unafika. Tutawafungulia ukurasa.

Leo usiku ukikatika, angalia saa. Andika.