Kitindamlo kipangwe siku moja na pilau

MEZA YA JUMAPILI
Na Rehema Kibwana

Katika kumbi za sherehe zilizojipanga kando ya Barabara ya Bagamoyo, kuanzia Tegeta hadi Bunju, kitu kitamu humfikia mgeni mara mbili, na mara zote mbili kwa wakati usiofaa. Kwanza inakuja keki, iliyokatwa vipande vidogo vya kuchoma na vijiti, saa tatu usiku, tumbo likiwa tupu na soda ya kwanza ikiwa imekwisha. Kisha linakuja tikiti maji, ambalo mhudumu wa mwisho kwenye foleni ya bufee huliweka juu ya sahani ileile yenye pilau, kuku, kachumbari na mboga, na maji yake huchuruzikia kwenye wali kabla mgeni hajafika kitini. Baada ya hapo hakuna kitu tena. Watu wanamaliza kula na mafuta ya kuku bado yako mdomoni, muziki unafunguliwa, na sherehe iliyochangiwa kwa miezi kadhaa inakuwa imekosa mwisho wa mlo wake. Kasoro hii haitokani na uhaba wa fedha. Kamati ya chakula na vinywaji hujadili pilau na nyama kikao baada ya kikao, huku tamutamu ya mwisho ikiachiwa mpishi aamue kwa kile atakachokikuta sokoni asubuhi hiyo. Hoja yangu ni kwamba kitindamlo kichaguliwe katika kikao kilekile kinachochagua chakula kikuu, na kichaguliwe kwa kukitazama chakula hicho.

Sababu ya kwanza imo mwilini mwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtafiti Barbara Rolls na wenzake walionyesha jambo ambalo kila mla karamu amewahi kulihisi bila kulipa jina: tukila chakula kimoja, hamu ya ladha hiyo hupungua upesi, lakini hamu ya ladha nyingine hubaki. Ndiyo maana mtu aliyeshindwa kumalizia wali wake bado ananyoosha mkono kwenye nanasi. Kwa hiyo kinachokuja mwishoni kikifanana mno na kilichotangulia, hakina kazi. Kuku wa kukaanga akifuatiwa na kaimati, mgeni amepewa mafuta juu ya mafuta. Wali wa nazi ukifuatiwa na ndizi mbivu za nazi, amepewa nazi mara mbili katika nusu saa. Vyakula vyote hivyo ni vizuri, kila kimoja kikiwa peke yake, na mpishi aliyevipika anastahili heshima yake, ila aliyevipanga pamoja amevionea. Mafuta nayo huchelewesha chakula kuondoka tumboni. Baada ya mlo mzito, mdomo unataka uchachu au uchungu wa kuyakata mafuta hayo, na utamu kidogo tu.

Watu wa pwani wamelijua hili siku nyingi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, ukiwa na mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga juu yake. Kando yake aliwekewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na katika chombo kingine maziwa ya mgando yenye ndimu za kuchachushwa, pilipili zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Anaeleza kwamba walaji walikuwa wakila tonge la wali kisha wanafuatishia hivyo vyenye siki na chumvi. Ni kweli kwamba vitu hivyo viliandamana na mlo badala ya kuufunga, lakini akili ni ileile ninayoitetea hapa: penye samli pawe na ukali wa kuijibu. Akili hiyo haijapotea. Unguja na Pemba, Mombasa na Lamu, na ng'ambo huko Maskati, halua huja na kahawa chungu. Halua ni wanga, sukari na samli vilivyokorogwa motoni kwa muda mrefu pamoja na iliki, zafarani na kungumanga, kitu kizito ambacho mtu hawezi kula bakuli zima. Kwa hiyo hutolewa kipande, na kikombe kidogo cha kahawa isiyo na sukari husafisha mdomo. Halua iliyokosa kahawa yake huchosha upesi. Na angalia viungo: iliki iliyomo ndani ya halua imo pia ndani ya pilau, kwa hiyo mgeni anaipokea kama jambo linaloendelea, huku uzito na ladha vikiwa vimebadilika. Kwangu hiyo ndiyo kanuni nzima. Kitindamlo kikaribiane na chakula kikuu kwa harufu, kiachane nacho kwa uzito.

Tuichukue kanuni hiyo tuipeleke Bunju, ambako kwa asili ni nchi ya Wazaramo lakini leo ukumbi mmoja hujaa Wachaga, Wahaya, Wanyakyusa, Wasukuma na watu wa visiwani kwa pamoja. Sherehe ya pilau la ng'ombe na kuku wa kukaanga inahitaji kipande kidogo cha halua na kahawa chungu, au machungwa yaliyomenywa na kunyunyiziwa mdalasini kwa mbali. Haihitaji keki ya krimu. Wali wa nazi na samaki wa kupaka, chakula ambacho naona kinastahili kupewa nafasi kubwa zaidi kwenye harusi za mji huu wa bahari, unadai kitu kisicho na nazi kabisa: embe, au sharubati ya ukwaju iliyopoa sana, ikiwa na sukari ya kuhesabu. Biriani ni kesi ngumu zaidi, kwa sababu vitunguu vyake vilivyokaangwa tayari vina utamu na mchuzi wake tayari una uchachu wa mtindi. Hapo mimi ningesimama kwenye matunda peke yake, na kahawa. Penye ndafu, yule mbuzi mzima wa kuokwa ambaye Wachaga humpa hadhi ya keki, hakuna kinachomfuata vizuri kuliko nanasi. Nanasi lina asidi ya kukata shahamu, na lina kimeng'enya cha bromelaini ambacho huvunjavunja protini, ndiyo maana wapishi wengine hulitumia kulainishia nyama ngumu. Ndizi nyama nazo ni wanga mzito uliokolea supu. Ukimfuatishia mgeni mkate wa kumimina au keki, umemwongezea wanga ambao hakuuhitaji. Mpe papai lenye ndimu.

Jiografia inatusaidia. Kiwangwa, moja ya maeneo ya nanasi yanayojulikana zaidi nchini, iko Bagamoyo, yaani katika wilaya inayopakana na Bunju. Machungwa ya Muheza humiminika Dar es Salaam katikati ya mwaka, na maembe hufurika kuanzia mwisho wa mwaka. Kamati ikishajua tarehe ya harusi inajua pia ni tunda gani litakuwa tamu na rahisi kupatikana wiki hiyo, tena miezi mingi kabla. Badala yake, tikiti maji limekuwa jibu la kila mwezi na kila chakula kwa sababu ni kubwa, linakatika upesi na linajaza sinia. Lakini tikiti halina uchachu wa kutosha kupambana na mafuta ya kuku, na likishakatwa mchana kwa ajili ya usiku linakuwa hatari pia. Matunda yaliyokatwa, kastadi na krimu ni vyakula ambavyo wataalamu wa usalama wa chakula hushauri visikae nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili, na muda huo hufupishwa joto likipanda sana. Ukumbi wa Dar es Salaam mwezi Februari una joto la kutosha kuiharibu kastadi kabla mshereheshaji hajamaliza kutambulisha pande mbili. Halua, kashata na visheti havina tatizo hilo. Vilibuniwa na watu walioishi katika joto hilihili bila jokofu, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuvirudisha mezani.

Najua jibu la mhazini: fedha. Michango haijatimia, bei ya sahani imepanda, na hapa mtu anazungumzia halua. Jibu langu liko kwenye bufee yenyewe. Sinia za bufee ya kawaida hubeba pilau, wali mweupe, ndizi, viazi au chipsi, na mara nyingine tambi, yaani aina nne au tano za wanga, na mgeni huchota kidogo kidogo kila kimoja kisha huacha nusu. Mabaki hayo yalilipiwa. Ondoa aina moja tu ya wanga, kisha fedha yake na kazi yake viende kwenye matunda ya msimu na kahawa. Sidai keki za hoteli wala aiskrimu, ambayo umeme ukikatika huwa maziwa ya moto. Nadai nanasi la Kiwangwa lililokatwa jioni ileile na kupewa kisahani chake, mbali na pilau. Kwa harusi ya watu mia tatu, kisahani hicho ni gharama halisi, sitaidharau. Lakini sinia moja yenye vijiti, ikawekwa katikati ya kila meza, hufanya kazi hiyo bila visahani mia tatu.

Wengine watasema keki ndiyo kitindamlo chenyewe. Naiheshimu keki kama ibada ya sherehe: maharusi kulishana, kisha kuwalisha wazazi na wakwe, ni wakati ambao kila mtu ukumbini anausubiri, na usiguswe. Kinachowezekana ni kuitenganisha ibada na ugawaji. Keki ikatwe na wazazi walishwe kwa saa iliyopangwa, na iliyobaki igawiwe baada ya chakula, pamoja na kahawa. Vitamu kutangulia si kosa daima. Mfungaji wa Ramadhani huanza na tende, na ana sababu, kwani ni kidogo na mwili umekaa mchana kutwa bila chakula. Keki ya sherehe haina sababu hiyo. Inatangulia kwa ratiba tu, na pamoja na soda inaua hamu ya chakula ambacho kamati imekilipia zaidi ya kitu kingine chochote.

Pingamizi ninalolipa uzito mkubwa kuliko yote ni la afya. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2012 uliwakuta asilimia 9.1 ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na kisukari, na katika ukumbi wa watu mia tatu hilo ni kundi la kuzijaza meza mbili nzima na zaidi. Je, ni haki kuwaongezea utamu? Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na lingependa ishuke hadi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni takriban gramu 25. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina gramu zaidi ya 30. Mgeni wetu hunywa mbili au tatu kabla ya kuiona sahani. Kwa hiyo sukari ya sherehe iko kwenye kreti, na anayetaka kuwalinda wagonjwa aanzie hapo: maji yawekwe mezani kwanza, soda zipunguzwe, na mwisho wa mlo yaje matunda na kahawa isiyo na sukari, ambayo mwenye kisukari anaweza kushiriki kwa kiasi bila kujitenga na wenzake. Kitindamlo kilichopangwa vizuri kinapunguza sukari ya usiku huo, hakiiongezi.

Basi kwa kamati zinazokutana leo jioni: mpishi akiwaita kuonja chakula, mwambieni aje na kitamu chake siku hiyohiyo. Onjeni pilau kwanza, kisha mara moja onjeni hicho kitamu, mkiwa na ladha ya pilau mdomoni. Kisipoendana nalo, mwambieni abadilishe kabla hamjatoa malipo ya awali.