Kelele Hupitia Darini
Ukilalamika kwamba unasikia kila neno la jirani, utashauriwa upachike trei za mayai ukutani. Usihangaike. Trei hupunguza mwangwi kidogo humo humo chumbani, lakini hazizuii sauti kupita kwa sababu hazina uzito, na hata uzito wenyewe ni ghali: ukuta ukiongezwa uzito mara mbili, sauti hupungua takriban desibeli 6 tu. Tena nyumba zetu nyingi za kupanga, ukuta wa kati huishia usawa wa dari. Taarabu ya jirani hupenya silingibodi, ikatambaa chini ya bati, ikakushukia kitandani. Mwite fundi apandishe tofali mpaka batini, apige na plasta. Mwenye nyumba atanuna, lakini hapo ndipo pa kuanzia.