Crash aliruka vizuri zaidi zamani? Mashabiki wako na haki ya kusema



Siku ya Mungu iliyopita, nyuma ya mkutano wa sendika, tulibaki wachache chini ya mwembe tukingoja mvua ipite. Maneno ya mishahara yalikuwa yamechosha kila mtu. Kijana mmoja wa poste ya usiku akaleta habari ingine: « Ba vieux, ule Crash mwenye munatuambiaka kila siku, minamupata ku PS4. Anaanguka-anguka bure. Ni huyu njo mulikuwa munasifu? »

Tulicheka, kisha tukagombana. Mvua ilipita, sisi tungali palepale.

Wengine watasema: sendika imekosa kazi, sasa inaandika juu ya michezo ya watoto. Tunajibu hivi: mchezo huu uko ndani ya nyumba zetu, watoto wanaucheza, na sisi wenye miaka arobaini na kitu tuliucheza mbele yao. Tena, maneno ambayo mashabiki wake wanasema kote ulimwenguni tunayasikia kila asubuhi ku kazi, mbele ya mashini mupya. Basi mutuvumilie kidogo.

Kwanza tueleze kwa wale wasiojua. Crash Bandicoot ilitoka mwaka wa 1996 kwa PlayStation ya kwanza. Wakati ule inchi yetu ilikuwa ingali inaitwa Zaire. Kampuni ya Marekani, Naughty Dog, ndiyo iliitengeneza, na Sony ikaitoa. Crash ni nyama mudogo wa kule Australia, rangi ya machungwa, amevaa suruali ya buluu. Anakimbia, anaruka, anajizungusha kama upepo, anavunja masanduku ya mbao na kuokota matunda. Adui yake ni Daktari Neo Cortex, mwenye kichwa kikubwa na herufi N kwenye paji la uso. Kuna mahali jiwe kubwa linamfukuza, naye anakimbia kuja upande wako, bila kuona mbele kuna shimo gani. Sisi watu wa mawe, mahali pale tulipapenda sana. Mwaka wa 1997 ikatoka ya pili, na 1998 ya tatu.

Kwetu PlayStation ilifika kwa kuchelewa, kama vitu vyote. Wengi wetu hatukuwa nayo ku nyumba. Tulikwenda kwa mwenye chumba cha kuchezea, tukatoa franga, tukangoja zamu kwenye benchi. Ukifa, unapisha mwingine. Umeme ukikatika, unarudia mwanzo. Tena ile ya kwanza haikukuruhusu kuweka alama popote ulipofika. Shurti kwanza umalize chumba cha zawadi, ao upate jiwe la thamani, ndipo mchezo ukubali kukumbuka. Kwa hiyo mruko wa Crash tuliujua kwa vidole. Tulijua anakaa hewani muda gani, na akigusa ukingo wa jiwe atasimama. Mtu aliweza kuongea na jirani huku vidole vinaruka vyenyewe.

Halafu miaka ikapita. Tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 2017, michezo yote mitatu ilirudi kwa PS4 ndani ya diski moja, jina lake N. Sane Trilogy. Mwaka uliofuata ikafika kwa mashini zingine pia. Bei ilikuwa dola 40. Studio ya Vicarious Visions, ya upande wa Albany katika jimbo la New York, ndiyo ilifanya kazi ile kwa ajili ya Activision. Hawakupaka tu rangi mupya juu ya ile ya zamani. Walijenga upya karibu kila kitu: manyoya ya Crash, maji, majani, na muziki wakaupiga upya. Watu walinunua kwa wingi, zaidi ya nakala milioni 10.

Mashabiki wanasema nini? Wengi wanasifu, na sisi pia tunasifu. Sura ni nzuri sana. Kuweka alama kumekuwa rahisi kuliko zamani. Dada ya Crash, Coco, sasa anachezwa katika michezo yote mitatu, na mabinti yetu walifurahi. Kuna pia jambo la Stormy Ascent. Hii ni sehemu ambayo Naughty Dog waliiacha nje mwaka wa 1996, sababu ilikuwa ngumu kupita kiasi. Lakini ilibaki imefichwa ndani ya diski, na mashabiki wenye ujanja waliikuta. Mwezi wa 7 wa 2017 ilijengwa upya na kutolewa rasmi, mwanzoni bila kulipisha. Miaka zaidi ya 20 ilikuwa imefungiwa, ikatoka juu ya watu waliokataa kuisahau.

Lakini mara tu watu walipoanza kucheza, malalamiko yakaja. Wakasema: Crash haruki sawa zamani. Unaruka kama ulivyoruka utoto wako wote, unafika ku ukingo, unateleza, unakufa. Mahali palipoleta kelele zaidi ni lile daraja la mbao la The High Road, lenye mbao zilizooza na nafasi kati yake. Watu waliolipita wakiwa na miaka kumi na miwili walishindwa wakiwa baba wa watoto.

Watu wengine wakawacheka: « Mumezeeka, vidole vimekauka. » Ni maneno yale yale kijana wetu alitutupia chini ya mwembe.

Sasa musikilize vizuri. Baadaye, watengenezaji wenyewe walieleza. Walikuwa wamechukua ginsi Crash wa tatu anavyotembea na kuruka, wakaiweka katika michezo yote mitatu. Lakini mashimo ya mchezo wa kwanza yalipimwa kwa mruko mwingine. Tena umbo la mwili, lile ambalo mashini inatumia kujua kama Crash amegusa chini, lilikuwa la mviringo. Kwa hiyo akifika pembeni ya ukingo, mguu unateleza, mahali ambapo zamani angesimama. Na akianza kushuka, anashuka mbio zaidi. Walikubali kwamba mchezo wa kwanza sasa unaomba kipimo kikali kuliko ule wa 1996.

Maana yake, wale wazee wa vidole vilivyokauka walikuwa wanasema kweli. Hakuna aliyewaonyesha hesabu yoyote, vidole vyao vilisikia tu kwamba kitu kimebadilika.

Maoni ya mashabiki yamegawanyika mpaka leo. Kundi la kwanza linasema: ni kosa, lilipashwa kutengenezwa. La pili linasema: ni mchezo mupya, jifunze upya, acha kulia. La tatu ni la vijana walioanza mwaka wa 2017. Wao hawaoni shida yoyote, mruko huu ndio mruko wanaoujua.

Sisi tunasema hivi. Kijana wa kundi la tatu hadanganyi. Hata mtu wa kundi la pili ana sehemu ya haki: ukijifunza, utapita, na sisi wenyewe tulipita. Lakini kumwambia mtu wa kundi la kwanza kwamba hajui anachosema, hapo tunakataa. Mwenye kufanya jambo moja mara elfu anajua kitu ambacho mwenye kulichora kwenye meza hajui. Dawa pia haikuwa ngumu. Wangeweza kuacha mruko wa zamani ndani ya diski, pembeni ya mupya, kila mtu achague. Katika diski ile ya 2017, michezo ya asili yenyewe haimo. Anayeitaka shurti atafute mashini ya zamani. Hili ndilo lawama letu kubwa juu ya kazi ile, hata kama tunaipenda.

Kwa nini jambo hili linatugusa? Tuwaambie kisa, bila kutaja kampuni. Miaka kadhaa nyuma, mahali tulipofanya kazi, waliingiza ma kamyo mapya ya kubeba mawe. Mazuri, yenye hewa baridi ndani. Mwenzetu mmoja, dereva wa siku nyingi, alisema toka wiki ya kwanza: « Frein yake inakamata nyuma kidogo. Haiko sawa na ya zamani. » Kapita akamjibu kwamba zamani imekwisha, shurti azoee. Fundi akaangalia karatasi, karatasi ikasema frein ni nzima. Na kweli ilikuwa nzima. Ilikuwa tu ingine. Lakini barabara ya kushuka shimoni haikubadilishwa, ilikuwa ingali ile iliyopimwa kwa kamyo za zamani. Siku moja ya mvua, kamyo iliteleza ku kona. Mwenzetu aliokoka, mguu wake ulivunjika mara mbili. Leo anauza unga mbele ya nyumba yake.

Ku mchezo, Crash akianguka, anarudi na maisha mengine. Mwenzetu alikuwa na miguu miwili tu.

Kwa hiyo tukisikia mtu anasema « kitu hiki hakiruki sawa zamani », hatucheki. Tunauliza: wapi? namna gani? onyesha. Sendika yoyote inayostahili jina ingefanya hivyo, na patron mwenye akili pia.

Kuna jambo lingine ambalo mashabiki wengi hawalizungumzi. Mbele mchezo haujatoka, kuna wafanyakazi ambao kazi yao ni kuujaribu. Si kucheza kwa raha. Wanarudia daraja moja mara mia, wanatafuta mahali pa kuharibika, wanaandika, wanarudia tena. Kwetu tunaweza kuwalinganisha na yule anayepita mbele ya poste kuangalia kama dari ya shimo inashika. Yeye ndiye wa kwanza kuona, na mara nyingi ndiye wa mwisho kusikilizwa.

Ile studio ya Vicarious Visions iliingizwa ndani ya Blizzard, kampuni ya kundi moja na Activision, na mwaka wa 2022 ikapewa jina la Blizzard Albany. Mwaka ule ule, wafanyakazi wa kujaribu michezo pale waliomba kuunda sendika pamoja na chama kikubwa cha Marekani kinachoitwa Communications Workers of America. Kampuni haikufurahi. Mwezi wa 12 kura zilihesabiwa: 14 za ndiyo, hakuna hata moja ya hapana. Hatusemi kwamba ni watu wale wale waliojaribu Crash. Tunasema ni nyumba ile ile, na kazi ile ile. Watu 14 ni wachache, kwetu equipe moja ya poste inaweza kuwapita. Lakini walisimama pamoja, na kura yao ilihesabiwa.

Na tusisahau mawe yetu. Manete ya PlayStation ya kwanza ilikuwa na kamba. Manete ya PS4 haina kamba, ina betri ya lithium ndani yake, na betri za namna hiyo kwa kawaida zinatumia kobalti. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, zaidi ya nusu, inachimbwa hapa kwetu, Lualaba na Haut-Katanga. Hatuwezi kusema jiwe gani limeingia ndani ya manete gani. Lakini mtoto wa Kolwezi akishika manete ile, anaweza kujua kwamba kazi ya baba yake haiko mbali na mchezo wake. Dola 40 za diski ile, kwa nyumba nyingi za wasomaji wetu, ni unga wa nyumba. Ndiyo maana kijana wetu wa poste ya usiku aliinunua ya mkono wa pili, na sasa inazunguka nyumba kwa nyumba.

Basi tunamaliza na maombi matatu.

Kwa ba papa na ba mama: mtoto akilalamika kwamba mchezo si sawa, musimfukuze mbio. Mukae naye dakika kumi, akuonyeshe. Baadaye atakuwa ku kazi, na shurti awe amezoea kusema kitu hakiko sawa.

Kwa vijana: musiwacheke wazee wanaosema zamani ilikuwa nzuri zaidi. Mara zingine ni kutamani utoto tu, tunakubali. Lakini mara zingine vidole vyao vinajua. Muwaulize kwanza.

Kwa wafanyakazi wote: mkutano wa usalama utakapofika, musinyamaze juu ya kamyo mupya, kamba mupya, kofia mupya. Museme mapema, na muandike tarehe. Délégué wenu akikataa kuandika, mumwandikie mbele ya macho yake.

Kuhusu kijana wetu, tulikwenda kwake jioni ile. Watatu tulijaribu daraja, watatu tulianguka. Wa nne, mwenye miaka 46, alipita juu ya kamba za pembeni, ujanja wa zamani ambao kijana hakuujua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: « Vieux, unifundishe. »

Tuko pamoja.