Besi ya Mtaa, Besi ya Damu

Wasee wa Mbotela, ukitaja besi hapa mtaani kila mtu anawaza ile kona ya kukaa jioni. Kwa kemia, besi ilikuwa kile kitu kinageuza litmasi nyekundu iwe ya buluu. Kwa baiolojia tukaambiwa DNA iko na besi nne: A, T, G na C. Kwa nini jina moja? Hakuna mwalimu alituambia. Tulikariri tu. (Mimi hata chuo niliacha, msinicheke.)

Kumbe ni rahisi. Besi hudaka protoni kutoka kwa asidi. Zile nne ziko na nitrojeni, na nitrojeni ndiyo inadaka. Ajabu ni kwamba DNA yenyewe ni asidi, juu ya fosfeti zake.

Sasa mbona nawasumbua na hii stori? Kwa sababu ya besi moja. Kwenye jeni ya himoglobini, pale palipaswa kuwa GAG, A ikibadilika kuwa T unapata GTG. Herufi moja kati ya kama bilioni 3, na seli nyekundu zinajikunja kama mundu. Hiyo ndiyo selimundu.

Ukirithi nakala moja wewe ni AS. Kawaida uko poa, na hata malaria kali haikuwezi sana. Anthony Allison, daktari aliyekulia hapa Kenya, alionyesha hivyo mwaka wa 1954. Ndiyo maana iko sana Nyanza, Magharibi na Pwani, kwenye malaria imekaa miaka mingi. Hebu uliza watu wa laini yenu ushago ni wapi.

Ukirithi mbili ni SS. Kuna kijana wa laini yetu alikuwa analia mifupa usiku, watu wakisema ni uvivu, wengine amerogwa. Alikuwa mgonjwa tu, jameni.

Mnaenda kupima ukimwi wawili wawili, vizuri sana. Lakini nani huuliza kama ni AS? Wote wawili mkiwa AS, kila mimba iko na nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto SS. Sisemi muachane. Nasema mjue mapema, juu mtoto akijulikana mapema anaanzishiwa penisilini kabla maambukizi hayajammaliza.

Mimi nilipima, ni AS. Nilipomwambia dem wangu alisema namletea mkosi. Wiki mbili hajanijibu vizuri. Jana amekubali twende Jumamosi, lakini chipsi ni juu yangu.