Gitaa rahisi lavuruga hesabu za watengenezaji wa gitaa ghali

WAHENGA walisema rahisi ni ghali. Katika biashara ya magitaa, msemo huo umeanza kupoteza makali yake. Mnunuzi anayeingia dukani Marekani akiwa na takriban Dola 200 hutoka na gitaa la umeme la Squier lenye shingo iliyonyooka na vyuma vilivyopangwa sawasawa, chombo ambacho mwanafunzi wa miaka ya 1970 hangekiota kwa bei kama hiyo. Ukutani, karibu na hilo, huning'inia gitaa la Fender lililoundwa Corona, California. Umbo ni lile lile, nyuzi ni sita zile zile, vipimo vinakaribiana. Bei yaweza kuwa mara kumi.

Mara kumi ya nini? Fender ndiyo mmiliki wa Squier, kwa hivyo swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kumponda mshindani. Kampuni hiyo, pamoja na Gibson, PRS na Martin, imelazimika kushindana na bidhaa zake yenyewe, na kila moja imejitafutia njia yake ya kuponyoka.

Kisa cha Fender ndicho chenye mafunzo mengi zaidi. Mwaka wa 1965 Leo Fender, fundi aliyeuletea ulimwengu Telecaster na Stratocaster, aliliuzia shirika la utangazaji la CBS kampuni yake kwa Dola milioni 13. Chini ya CBS sifa ya ufundi ilididimia. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, viwanda vya Japani kama vile Tokai vilikuwa vikitoa nakala zilizowashangaza hata wapigaji stadi, kwa bei nafuu na kazi safi. Mnamo 1982 Fender iliamua kujiiga yenyewe. Iliunda kampuni ya ubia nchini Japani, kazi ikapewa kiwanda cha FujiGen mjini Matsumoto, na magitaa ya bei ya chini yakabandikwa jina la Squier, lililokuwa la kampuni kongwe ya nyuzi ya jimbo la Michigan ambayo Fender ilikuwa imeinunua.

Magitaa hayo ya kwanza yalikuwa mazuri kupita matarajio. Wakusanyaji huyatafuta hadi leo, na wapo wanaoshikilia kwamba yaliyashinda yale ya California ya wakati huo. Bill Schultz na wenzake walipoinunua Fender kutoka kwa CBS mwaka wa 1985, kwa Dola milioni 12.5, hawakupata kiwanda cha Fullerton pamoja nayo. Kwa muda, magitaa mengi waliyoyauza yalitoka Japani. Mtoto wa kambo ndiye aliyeilisha nyumba.

Haja ya kuwa na daraja la chini haijapungua tangu wakati huo. Andy Mooney, aliyeteuliwa kuwa afisa mkuu mtendaji wa Fender mwaka wa 2015, aliwaeleza wanahabari kwamba takriban asilimia 45 ya magitaa ya kampuni hiyo yalikuwa yakinunuliwa na watu wasiowahi kupiga gitaa, na kwamba asilimia 90 ya wanaoanza hukata tamaa ndani ya mwaka wa kwanza. Hao wachache wanaosalia, kwa makadirio yake, kila mmoja hutumia yapata Dola 10,000 maishani mwake kwa magitaa na vipaza sauti.

Kwa hesabu hizo, gitaa rahisi ni chekecheo. Likiwa baya, nyuzi zikiwa juu mno na vidole vikivuja damu, mwanafunzi huamini hana kipaji na kumbe kosa ni la chombo. Kampuni humpoteza mteja wa Dola 10,000 kwa ajili ya kuokoa Dola 20 kiwandani. Likiwa zuri mno, mwanafunzi huyo haoni sababu ya kupanda ngazi. Hapo ndipo penye mtego, na hakuna idara ya mauzo iliyokwisha kuutegua.

Gibson ilifika kwenye mtego huo kwa njia tofauti. Epiphone, iliyoasisiwa na familia ya Wagiriki ya Stathopoulo, ilikuwa mshindani halisi wa Gibson jijini New York kabla ya kununuliwa mwaka wa 1957. Kwa zaidi ya mwongo mmoja baadaye, magitaa ya Epiphone yaliundwa Kalamazoo, Michigan, katika kiwanda kimoja na yale ya Gibson. Yalisaidia kuwafikia wenye maduka ambao hawakuwa na kibali cha kuuza Gibson. Watatu kati ya Beatles, Paul McCartney, George Harrison na John Lennon, walinunua Epiphone aina ya Casino, na hakuna aliyewacheka kwa kubeba gitaa la maskini. Ni pale kazi ilipohamishiwa Japani, mwaka wa 1970, na baadaye Korea Kusini na China, ndipo jina la Epiphone lilipogeuka kuwa jina la daraja la pili. Udogo huo ilipewa na wenye mali kwa sababu za kihesabu.

Kilichobadilika tangu hapo ni mashine. Msumeno unaoongozwa na kompyuta haujui kama uko Nashville au Surabaya. Hukata shingo ile ile kwa kipimo kile kile. Tofauti iliyobaki ni ya mbao, rangi, vinasa-sauti na saa za mkono wa fundi, na zaidi ya yote, mshahara wa fundi huyo. Jambo hili huzungumzwa kwa nadra katika matangazo. Wafanyakazi wa Cort nchini Korea Kusini, kampuni iliyokuwa ikiunda magitaa kwa niaba ya chapa kadhaa za kigeni, walipoteza ajira mwaka wa 2007 viwanda vya huko vilipofungwa na kazi kuendelea katika mataifa yenye ujira wa chini. Walipinga kwa takriban miaka 12 kabla ya mapatano kufikiwa Aprili 2019. Unafuu wa bei anaoufurahia mwanafunzi wa gitaa ulikuwa na mlipaji wake.

Ikiwa mashine imepunguza pengo la ubora, kampuni zinalinda nini? Zinalinda jina, na hata hilo sheria hailikingi kikamilifu. Mwaka wa 2009 bodi ya rufaa ya alama za biashara nchini Marekani ilikataa kuisajilia Fender maumbo ya viwiliwili vya magitaa yake, baada ya kuridhika kwamba maumbo hayo yalikuwa yametumiwa na watengenezaji wengi kwa miaka mingi. Gibson nayo iliishtaki PRS kwa gitaa lake la Singlecut, ikapata amri ya kuzuia uuzaji, kisha mahakama ya rufaa ikaibatilisha amri hiyo mwaka wa 2005. Ndiyo maana kichwa cha gitaa, mahali palipoandikwa jina, kimekuwa na thamani kuliko sehemu nyingine yoyote ya ule mti.

Martin, kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1833, imechagua njia nyingine. Hulitia jina lake hilo hilo hata kwenye magitaa yake ya bei ya chini yanayoundwa Navojoa, Mexico, lakini huyabadilishia malighafi: badala ya mbao nzima hutumia karatasi zilizoshindiliwa kwa gundi na joto. Mnunuzi hadanganyiki, maana huona kwa macho. Hata hivyo Ed Sheeran wa Uingereza alipanda majukwaani na gitaa dogo la Martin la daraja hilo, na mashabiki hawakulalamikia mlio wake.

Kuna walioamua kulikimbia daraja la chini na kuishi kwa fahari tu. Gibson, chini ya Henry Juszkiewicz, ilijaribu kitu kinachokaribia hilo. Mwaka wa 2015 ilipandisha bei ya magitaa yake ya Marekani na kuyafunga mitambo ya kukaza nyuzi yenyewe, kitu ambacho wateja wengi hawakukiomba. Wakati huo huo ilikuwa imetumia Dola milioni 135 kununua biashara ya vifaa vya sauti iliyokuwa ya Philips. Mnamo Mei 1, 2018, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, ikielemewa na madeni yaliyofikia hadi Dola milioni 500. Inafaa kusema kwamba magitaa hayakuiangusha; yaliyoiangusha ni hayo mavifaa ya sauti. Wamiliki wapya waliurejesha mwaka uliofuata muundo wa Les Paul wa miaka ya 1950 na 1960, na mwaka wa 2020 wakaipandisha hadhi Epiphone kwa kuirekebisha kichwa na kuitangaza waziwazi kuwa ndugu wa Gibson.

Serikali nazo huingilia mizani. Januari 2017 mkataba wa CITES uliweka masharti ya biashara kwa jamii yote ya miti ya Dalbergia, ambayo mpingo wa Tanzania na Msumbiji ni mmojawapo. Fender iliziondoa mbao hizo katika magitaa yake mengi ya Mexico na kuziacha katika baadhi ya yale ya Marekani, hivyo pengo la madaraja likapanuliwa na makaratasi ya forodha. Vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa katika masharti hayo mwishoni mwa 2019. Kisha, Aprili 2025, Rais Donald Trump alitangaza ushuru wa asilimia 32 kwa bidhaa za Indonesia, ambao Julai ulishushwa hadi asilimia 19 katika makubaliano. Ushuru wa aina hiyo humuumiza zaidi mwenye Dola 200 kuliko mwenye Dola 2,000, kwa kuwa gitaa la pili huundwa nyumbani.

Labda ishara kubwa zaidi ya hali ilivyo ilitolewa na Gibson yenyewe mwaka wa 2024. Ilizindua magitaa ya Epiphone yaliyoundwa kwa ushirikiano na karakana yake maalum, yenye vinasa-sauti vya Marekani na, kwa mara hii, kichwa chenye mkato ule ule wa Gibson ambao kwa miaka mingi Epiphone haikuruhusiwa kuuvaa. Bei yake ilizidi Dola 1,000, chini ya nusu ya Les Paul ya kawaida kutoka Nashville. Ua la mwisho kati ya madaraja mawili limeshushwa na aliyelijenga, na aliyeketi safu ya tano ukumbini hawezi tena kujua ni gitaa gani lililoko mikononi mwa mpigaji, isipokuwa asogee asome jina.